Usipike Matokeo: Kuijaribu Kanuni ya Newton kwa Kigari cha Beringi

*Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, siku ya sayansi katika shule moja ya sekondari ya Ilemela, Mwanza. Imeandikwa na msemaji mwenyewe baada ya shughuli.*

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: wabeja sana kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie kanuni ya pili ya mwendo ya Newton. Wote mnaijua. Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, mara mchapuko. Nikisema anayeijua anyooshe mkono, ukumbi mzima utanyoosha, pamoja na wadogo zenu waliokuja kuangalia tu. Lakini nikisema anyooshe mkono aliyeijaribu mwenyewe, akasukuma kitu, akapima, akaona kama inasema kweli, mikono itapungua sana. Nimekuja kuzungumza na hao ambao mikono yao itashuka. Na zaidi nimekuja kuzungumza na sisi walimu wao, maana mikono hiyo haishuki kwa bahati mbaya.

Wanafunzi wa sayansi mnajua tunachokiita kupika data. Kundi linapewa kigari, ubao, kapi, yaani gurudumu dogo la kupitishia uzi, na mawe ya kupimia. Linapima mara mbili, linaona namba hazikai sawa, na kipindi kinakaribia kuisha. Basi mmoja mwenye mwandiko mzuri anachora kwanza mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, kisha anarudi kwenye jedwali na kuandika namba zinazoufuata mstari huo. Mwalimu anaona grafu nzuri, anatia vema, anaandika kumi kwa kumi. Kundi la jirani limeandika namba zake za kweli, mstari umepinda, limepata nne. Wanafunzi wana akili, wameshaelewa somo tulilowafundisha siku hiyo, nalo si somo la fizikia.

Hili linaniuma, na nitasema kwa nini. Namba inayokataa kukaa kwenye mstari haikatai bila sababu. Nyuma yake kuna msuguano, au kuna tungamo mlilolisahau, au kuna kidole kilichochelewa kubonyeza saa. Ukiifuta, umemfukuza shahidi kabla hajasema. Nitawaonyesha leo kwamba karibu kila upotofu unaotokea kwenye jaribio hili unaweza kuelezwa kwa kanuni ileile mnayoijaribu. Kanuni haikuvunjika, inawaambia kuna kitu hamjakihesabu.

Tuanze na kinachodaiwa. Kanuni inadai mambo mawili, na ni lazima yajaribiwe moja moja. La kwanza: tungamo likibaki lilelile, ukizidisha kani mara mbili, mchapuko nao utazidi mara mbili. La pili: kani ikibaki ileile, ukizidisha tungamo mara mbili, mchapuko utapungua hadi nusu. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo unabadilika kila sekunde. Si mwendo wenyewe. Kitu kinaweza kuwa na mwendo mkali na mchapuko sifuri, kama meli iliyoshika mwendo wake katikati ya ziwa. Ukibadilisha kani na tungamo kwa pamoja katika jaribio moja, hutajua kipi kimefanya nini. Hapo ndipo makundi mengi yanapopotea, nami nitaparudia.

Isaac Newton alichapisha kanuni zake mwaka 1687. Kabla yake Galileo alikwisha kuteremsha mipira kwenye mfereji wa mbao ulioinamishwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1638 anaeleza alivyopima muda: maji yalitiririka kutoka chombo kikubwa kupitia tundu jembamba, naye akayapima kwenye mizani. Hakuwa na saa ya sekunde. Alikuwa na maji na mizani, vitu viwili ambavyo Mwanza hatuwezi kusema hatuna. Newton naye alitaka kujua kama tungamo na uzito vinakwenda pamoja kwa vitu vya kila aina, akatengeneza pendulamu na kujaribu dhahabu, fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, mbao, maji na ngano. Ngano, jamani. Mtu aliyeandika kanuni za mwendo wa sayari alijaza ngano kwenye sanduku na kuitazama ikibembea. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1784, George Atwood wa Cambridge alichapisha maelezo ya mashine yenye mizigo miwili iliyotundikwa pande mbili za kapi, ili mwendo uwe wa polepole kiasi cha kupimika. Kigari chetu cha mezani ni ndugu wa mashine hiyo.

Wapo walioniuliza kabla sijapanda hapa: kwa nini tusiende ziwani, maji yako hatua chache na mitumbwi ipo? Ni swali zuri. Mtumbwi ukiusukuma kutoka ufukweni unaanza kwa shida, kisha unakwenda wenyewe, na inaonekana kama kanuni iko wazi pale. Lakini maji yana mambo mawili. Kwanza, upinzani wake unakua kadiri mtumbwi unavyoongeza mwendo, kwa hiyo kani inayobaki kuusogeza inabadilika kila dakika. Pili, na hili wengi hawalijui, mtumbwi hauwezi kuchapuka peke yake. Lazima na maji yaliyouzunguka yasogee. Kwa hiyo unajibu kama wenye tungamo kubwa kuliko lile ambalo mizani ingeonyesha ukiwa nchi kavu. Kanuni iko sawa hata humo ziwani, ila inataka hesabu ndefu. Tutaanzia nchi kavu, mezani.

Vifaa vya maabara vikiwepo, vitumieni. Visipokuwepo, msisubiri. Mnahitaji ubao ulionyooka wa mita 2. Mnahitaji kigari, nacho mnaweza kukiunda kwa kipande cha mbao na beringi chakavu za gereji, kama wanavyounda watoto wa Mabatini na Igogo. Uzi wa kushonea nyavu unauzwa Kirumba, ni mwembamba na haunyumbuki sana. Kapi ni beringi nyingine ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya meza; uzi unatoka kwenye kigari, unapita juu yake, na kushika mzigo unaoning'inia. Mzigo wa kuning'inia ni kichupa cha plastiki chenye maji, na maji mtayapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita moja ni gramu moja. Mzigo wa juu ya kigari ni vifuko vya mchanga na vichupa vya maji vilivyopimwa.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye utamu.

Wekeni ubao mezani, mhakikishe kwa pimamaji ya fundi kwamba umelala sawa. Kisukumeni kigari kidogo kwa kidole. Kitakwenda, kitapunguza mwendo, kitasimama. Msuguano umekishika. Mkianza kupima katika hali hiyo, sehemu ya kani yenu italiwa na msuguano na hamtajua ni kiasi gani. Kwa hiyo inueni ncha ya ubao iliyo mbali na kapi kwa kuingiza chini yake kipande cha kadibodi. Sukumeni tena. Ongezeni cha pili. Sukumeni. Msisubiri kigari kianze chenyewe, kwa sababu msuguano wa kitu kilichosimama ni mkubwa kuliko wa kitu kinachokwenda. Mkisubiri kianze chenyewe mtakuwa mmeinua kupita kiasi. Kila mara kipeni msukumo mdogo mtazame. Itafika kadibodi ambayo kigari kikishasukumwa kinakwenda vilevile toka mwanzo wa ubao hadi mwisho, hakiongezi na hakipunguzi. Wekeni alama tatu au nne za chaki zenye nafasi sawa, msikilize beringi zinavyopita: muda kati ya alama na alama uwe uleule. Hapo mteremko unakivuta kigari mbele kwa kiasi kilekile ambacho msuguano unakivuta nyuma. Msuguano haujaondoka, umelipwa.

Halafu fanyeni jambo ambalo makundi mengi hayalifanyi. Ongezeni kilo nzima ya mchanga juu ya kigari, na sukumeni tena bila kugusa kadibodi. Mtatarajia kigari kizito kisimame mapema. Hakitasimama. Kitakwenda vilevile, kwa karibu sana. Kigari kikiwa kizito kinaukandamiza ubao zaidi na msuguano unakua. Lakini na mvuto wa kukiteremsha umekua kwa kipimo hichohicho. Vyote viwili vinafuata uzito, kwa hiyo kadibodi ileile inatosha kwa mzigo wowote. Msiharakishe kulipita hili. Bila jambo hili, sehemu ya pili ya jaribio, ile ya kubadilisha tungamo, ingewataka mtegeshe ubao upya kila mara.

Kani tutaipata wapi? Wapo wanaovuta kigari kwa mizani ya springi, ile ya kuning'iniza ambayo mchuuzi wa Mwaloni anatundikia sangara. Mizani hiyo inapima kani, ingawa imechorwa kilo. Ubaya wake ni mkono wa mvutaji. Kigari kinapoongeza mwendo, mkono nao lazima uongeze mwendo, na mshale unachezacheza. Kichupa kinachoning'inia hakichoki na hakicheki. Dunia inakivuta kwa kani ileile toka mwanzo wa safari hadi mwisho.

Na hapa niwape namba ya kwetu. Vitabu vingi vimeandika kwamba mvutano wa dunia unakipa kila kitu kinachoanguka mchapuko wa mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde. Hiyo ni namba ya London na jirani zake. Sisi tuko karibu na ikweta, tena juu, kwa sababu uso wa ziwa hili uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hapa Mwanza namba ni 9.78. Tofauti ni ndogo na jedwali lenu halitaiona, lakini ni yetu na ni sahihi, basi tuitumie. Kichupa cha gramu 100 kinavutwa kwa nyutoni 0.978, nyutoni ikiwa ndiyo kipimo cha kani.

Sasa ule mtego niliosema nitaurudia. Kundi linaanza na kichupa cha gramu 50, linapima. Linaongeza maji mpaka gramu 100, linapima. Mia mbili, mia tatu, mia tano. Linachora grafu ya mchapuko dhidi ya kani, na mstari unaanza vizuri kisha unapinda kuelekea chini. Kundi linashtuka, na kazi ya kupika inaanza. Lakini tazameni kinachosogea. Kigari kinasogea, ndiyo. Na kichupa je? Nacho kinashuka, kimefungwa kwenye uzi uleule, kinachapuka kwa mchapuko uleule. Kila mlipoongeza maji mliongeza kani, na papo hapo mkaongeza tungamo. Kigari cha kilo 1 kikivutwa na kichupa cha gramu 500, kani ni nyutoni 4.89, lakini tungamo linalosogezwa ni kilo 1.5, si kilo 1. Mchapuko ni 3.26, wakati mwanafunzi alikuwa akiusubiri 4.89. Na mkiendelea kuongeza kichupa mpaka kiwe kizito kuliko gunia la mahindi, mstari utazidi kulala, na hautavuka 9.78 kamwe, kwa sababu kichupa hakiwezi kushuka haraka kuliko kinavyoanguka kikiwa huru. Grafu iliyopinda imesema ukweli mtupu.

Dawa yake ni rahisi na ni nzuri mno. Tungamo lote, kigari pamoja na vyote vilivyo juu yake pamoja na kichupa, liwe kilo 1 toka mwanzo mpaka mwisho. Mkitaka kuongeza kani, msilete maji mapya. Toeni gramu 50 juu ya kigari mzihamishie kwenye kichupa. Kani inakua, tungamo lote linabaki kilo 1. Kwa kichupa cha gramu 50 kanuni inatabiri mchapuko wa 0.489, kwa gramu 100 ni 0.978, kwa gramu 150 ni 1.467, kwa gramu 200 ni 1.956. Kigari kikianza kikiwa kimesimama, kitamaliza mita moja kwa sekunde 2.02, kisha 1.43, kisha 1.17, kisha 1.01. Andikeni utabiri huo pembeni, muufunike, ndipo mpime.

Nimeleta mizani ya springi ya maabara iliyofungwa mbele ya kigari hiki, uzi umepitia kwenye ndoano yake, na tungamo lake nimelihesabu humohumo ndani ya kilo 1. Kichupa kina gramu 200. Mwanafunzi aliye mbele, shika kigari, utusomee mshale. Mia mbili, sawasawa na kichupa. Sasa achia, na wote mtazame mshale, si kigari.

Mmeona? Umeshuka mara tu alipoachia, ukakaa kama mia moja sitini mpaka kigari kilipogonga kizuizi. Kichupa hakijapungua hata tone. Lakini ili kichupa chenyewe kichapuke kwenda chini, sehemu ya uzito wake imetumika kukichapusha, na kilichobaki ndicho kinachofika kwenye uzi. Hesabu inatoa gramu 160 kamili: mchapuko ni moja ya tano ya 9.78, kwa hiyo moja ya tano ya uzito wa kichupa imebaki kwake. Sasa mgeukieni upande wa kigari. Kigari na mizigo yake ni kilo 0.8, kikichapuka kwa 1.956 kinahitaji nyutoni 1.56, na gramu 160 zinavutwa kwa nyutoni 1.56. Pande mbili za uzi zimekubaliana. Mimi nimefundisha miaka mingi, na mpaka leo mshale ule ukishuka moyo wangu unafurahi.

Kuhusu muda. Saa ya mkononi inadanganya kuliko mnavyofikiri. Kati ya jicho kuona na kidole kubonyeza kunapita kama sekunde 0.2. Kwenye safari ya sekunde 1, hiyo ni asilimia 20. Na kwa kuwa mchapuko unapatikana kwa kugawanya umbali mara mbili kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, kosa la asilimia 20 kwenye muda linakuwa karibu asilimia 40 kwenye mchapuko. Grafu ya namna hiyo inaweza kuthibitisha chochote. Maabara yenye tika-taima, kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe unaovutwa na kigari, inatoa nukta 50 kila sekunde, sawa na mapigo ya umeme wetu wa ukutani, na utepe wa karatasi unabaki kama ushahidi wa kushikwa mkononi. Bila hiyo, simu ya mzazi mmoja inatosha: piga video ya picha 30 kwa sekunde, tandaza tepu ya fundi kando ya ubao, kisha rudisha video picha moja moja ukihesabu. Ipo pia programu ya bure inayoitwa phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayosoma mchapuko moja kwa moja kutoka kwenye kihisi kilichomo ndani ya simu. Simu inapanda juu ya kigari, na tungamo lake linahesabiwa. Hata hivyo mimi ningependa muanze na tepu na picha za kuhesabu, ili mjue mchapuko unatoka wapi kabla hamjausoma kwenye kioo.

Sehemu ya pili ni nyepesi kufanya, ila inashangaza. Kani ibaki ileile, kichupa cha gramu 100. Tungamo lote liwe kilo 1, kisha kilo 1.5, kisha kilo 2, kisha kilo 2.5. Mchapuko utashuka kutoka 0.978 hadi 0.652, 0.489 na 0.391. Kabla ya kupima, ulizaneni: kilo zikizidi mara mbili, safari ya mita moja itachukua muda mara mbili? Wengi watasema ndiyo. Sivyo. Itatoka sekunde 1.43 kwenda 2.02, yaani kama mara 1.4. Mchapuko ndio unaogawanyika kwa mbili, muda hauko hivyo. Na mkichora mchapuko dhidi ya tungamo mtapata mstari uliopinda ambao hauwaambii mengi; zidisheni kila mchapuko kwa tungamo lake, muone kama namba ileile inarudi. Ikirudi 0.978, au karibu yake, mmeshika kitu.

Niwape na jambo la pembeni kwa sababu nalipenda. Wanaanga waliomo kwenye kituo cha anga za juu hawawezi kujipima kwa mizani ya kusimamia, maana huko hawana cha kukandamiza. Kwa hiyo wanacho kifaa kinachowavuta kwa springi ya kani inayojulikana, kinapima wanavyochapuka, na kutoka hapo kinatoa tungamo la mwili. Ni jaribio lenu hili hili, limegeuzwa upande.

Sasa turudi kwenye namba zinazokataa. Tuseme kadibodi zenu hazikutosha na msuguano wa nyutoni 0.1 umebaki. Nini kitatokea? Mchapuko utatoka 0.389, 0.878, 1.367 na 1.856. Chora. Mstari umenyooka kabisa, umeinama vilevile kama ule wa utabiri, ila haupiti kwenye sifuri. Unakata mhimili wa kani kwenye 0.1. Kundi linalopika litauvuta kwa nguvu mpaka kwenye sifuri, na mwinamo wake utaharibika, na tungamo watakalolipata humo litakuwa la uongo. Kundi lililoacha namba zake limepata vitu viwili kwa bei ya kimoja: limethibitisha uhusiano wa kani na mchapuko, na limepima msuguano wa kigari chake bila kuwa na kifaa cha kuupima. Walimu wenzangu, naomba tuseme ukweli, ni kundi lipi linastahili kumi?

Ombi langu kwetu ni hili. Tutoe alama kwa maelezo ya namba, tusitoe kwa uzuri wa mstari. Mwanafunzi akiandika kwamba mstari wake umekata kwenye 0.1 na akaeleza kwa nini, apate zote. Mwenye mstari safi unaopita kwenye sifuri pasipo hata nukta moja iliyokaa pembeni aitwe, kwa upole, arudie mbele yetu. Najua madarasa ni makubwa. Najua kigari kimoja kinagombewa na wanafunzi wengi na kengele haimsubiri mtu. Basi afadhali tufanye jaribio moja kwa muhula mzima na tulifanye kweli, kuliko matano ya kwenye karatasi. Mtihani hautamuuliza mtoto alifanya mangapi.

Na wazazi, msidhani haya ni ya mezani tu. Bandarini hapa Mwanza Kusini ndipo ilipoundwa MV Mwanza, meli ya urefu wa mita 92.6, ya kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Chukueni, kwa hesabu tu, meli ya tani 3,000 inayokaribia gati kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa kasi. Nahodha anataka isimame kwa kupungua mita 0.1 kwa sekunde kila sekunde. Tani 3,000 ni kilo milioni 3. Kani inayotakiwa ni nyutoni 300,000, sawa na uzito wa mzigo wa tani 30 na ushee unaovuta kinyume bila kupumzika. Itasimama baada ya sekunde 50, ikiwa imesafiri mita 125. Akitaka kusimama katika nusu ya umbali huo, atafute kani mara mbili. Ndiyo sababu injini inapunguzwa mapema, mbali, wakati abiria mgeni anaona bado kuna maji mengi mbele. Kijana atakayekuwa nahodha wa meli hiyo, au mhandisi wa ile itakayofuata, yumkini yuko humu ukumbini, na sitaki awe amejifunza kanuni hii kwa namba za kupika.

Meza ziko tayari, kila moja ina ubao, kigari, kadibodi na bomba la sindano la kupimia maji. Anzeni na kadibodi, msiguse kichupa kabla kigari hakijaenda mwendo mmoja toka alama hadi alama. Wa kidato cha nne, kazi yenu ina nyongeza. Mkishachora, tafuteni tungamo kutoka kwenye mwinamo wa grafu, mlilinganishe na lile la mizani. Mkiwa mmefanya kwa uangalifu mtaliona la grafu limezidi kidogo, na msilipunguze ili lifanane. Kigari kinakwenda mbele, lakini beringi zake na ile ya kapi zinazunguka pia, na kuzizungusha nako kunataka kani. Kwenye meza ya mwisho nimeweka vigari viwili vya tungamo sawa, kimoja cha beringi kubwa na kimoja cha beringi ndogo. Pimeni vyote viwili, mniletee namba zenu kama zilivyo.